Mashine Iliyojengewa Ukuta

Mashine ya dada yangu Geumnyeo iliingia nyumba yao ya kupanga, mtaa wa Changsin-dong jijini Seoul, kabla ya ukuta. Shemeji Dalho, mumewe, aliinunua wakati nyumba ile ingali inajengwa. Ikateremshwa kwa minyororo hadi chumba cha chini ya ardhi, ndipo mafundi wakamalizia ukuta na ngazi nyembamba. Ilikuwa na vichwa vinne vya kutarizi, vikishona kwa pamoja. Majirani walikuja kumpongeza shemeji, na hakuna aliyeuliza itatokaje.

Mungu alimchukua shemeji mapema. Dada akabaki na mashine, na dirisha lililoonyesha viatu vya wapita njia. Alitarizi majina kwenye sare za shule, nembo za kofia, maua ya mitandio ya soko la Dongdaemun. Kushona ilikuwa kazi ya mashine. Yake ilikuwa kubana kitambaa. Aliweka pete ya nje mezani, juu yake karatasi ngumu, kisha kitambaa, kisha akaisukumizia pete ya ndani kwa viganja. Halafu aligonga kwa ukucha. Kikilia kama ngoma, sawa. Kisipolia, alikitoa akaanza upya. Kisha alikaa palepale, maana uzi ukikatika lazima mtu awepo aunge. Hata msalani alikwenda akiacha mlango wazi ili asikie.

Mimi niliolewa Naju, mbali kusini, kwenye mashamba ya mapeasi. Kila sikukuu ya mavuno nilimpigia simu.

"Dada, njoo tukae wote. Chumba kipo."

"Na hili dubwana nimwachie nani?"

"Liuze!"

"Malsun, mdogo wangu, mnunuzi atalitoa wapi? Dirishani, katikati ya viatu vya watu?"

Mwenye nyumba, Bwana Maeng, hakutaka kusikia habari ya kuvunja ukuta. "Huo ndio ulioshika nyumba," alimwambia. "Ukivunjwa, nitadondoka huko chini tuishi wote. Unanitaka?"

"Tayari naishi na mashine inayokoroma. Wakorome wawili?"

Njia ilikuwa moja tu. Bwana Pyo, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa tayari kuikata kwa gesi na kuipandisha vipande vipande. Kila alipopita alichuchumaa dirishani. "Shangazi, leo?"

"Leo nina oda."

"Oda, oda! Wewe na hiyo mashine mmefunga ndoa."

Mwaka mmoja nilimnunulia mashine ndogo ya nyumbani, ya sindano moja, nikamwekea mbele ya dirisha linalotazama mipeasi ikichanua. Alikuja. Lakini katikati ya mazungumzo alinyamaza na kuinamisha kichwa.

"Unasikiliza nini, dada?"

"Uzi."

"Uzi upi? Hakuna kinachoshonwa."

"Ndiyo maana. Kimya hiki, mwenzangu, ni kama umekatika mahali."

Akarudi Seoul supu yangu ya mwani ikiwa bado jikoni. Nilipiga magoti nikamuuliza Mungu kama kilichomfunga dada yangu ni ukuta, au ni nafsi yake. Niliomba jambo hilo moja tu: atoke mle.

Majira ya baridi yaliyopita akapiga simu yeye. "Nimemwambia Pyo aje Jumatatu akate. Natoka, Malsun. Pika ile supu, safari hii nitaimaliza."

Ilibaki kazi moja, shuka la kufunika jeneza, la kanisa lake: mahameli nyeupe, msalaba wa zambarau. Mahameli haibanwi kwenye pete, inabaki na alama isiyofutika. Kwa hiyo alibana karatasi yenye gundi peke yake, akalaza kitambaa juu yake, na upande mkubwa uliobaki akaukunja na kuushika kwa vibanio.

Alhamisi alilitia kwenye mfuko, likiwa bado limekunjwa, kulipeleka kanisani. Moyo wake ulisimama akiwa ngazini, akipanda.

Katika ukumbi wa maombolezo wa hospitali akina mama wa kanisa wakalikunjua shuka limfunike yeye. Halikukunjuka. Wakati wa kushona kibanio kilikuwa kimechomoka, pindo likaingia chini ya sindano, na mguu wa msalaba ukashonwa pamoja nalo. Ndilo kosa la watarizi wote. Mwanafunzi wake akishona kifua cha fulana pamoja na mgongo, dada alikuwa akimcheka: "Fulana hiyo nani atavaa, mtu wa karatasi?"

"Dada Malsun," mchungaji akaniambia taratibu, "tutumie lile la zamani la kanisa."

"Hapana, Mchungaji. Hili ndilo lake."

Nikaomba kisu kidogo cha kufumulia. Nikaligeuza, nikakata nyuzi za chini moja moja, kama alivyonifundisha nikiwa msichana, ili mahameli isijeruhiwe. Wale mama walianza wimbo, wakaurudia, wakaurudia tena. Nilipotoa uzi wa mwisho, shuka likafunguka lote. Mguu wa msalaba ulikuwa umebaki vitundu vya sindano tu. Tukamfunika, tukampeleka Naju. Niliipika ile supu, nikawapa waombolezaji.

Jumatatu nilikuwa nimerudi Seoul, chumbani mwake, nikikusanya pete. Dirishani vikasimama viatu, kisha mtu akachuchumaa. Alikuwa Bwana Pyo; hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya msiba.

"Shangazi, leo?"

Nikaweka pete chini. Kisha nikamfungulia mlango.

"Leo," nikasema. "Kata."