Kibuyu cha Shangazi Kerubo

Juzi sokoni Daraja Mbili niliona mama mmoja akiuza vibuyu vilivyokatwa katikati, nami nikasimama pale nikisikia harufu ya ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, kama ya jikoni kwetu nilipokuwa mtoto.

Nyumbani sote tulimega ugali kutoka kikapu kimoja, isipokuwa Shangazi Kerubo, dadake baba. Yeye alikuwa na kibuyu chake, akila peke yake karibu na mlango. Nilimwonea wivu. Niliamini hiyo ni heshima, kama kiti cha chifu. Sikujua kwamba watu waliogopa kifafa chake, wakidhani kinaambukiza kupitia chakula.

Alasiri moja alianguka shambani, katikati ya majani chai. Mama alimlaza kwa ubavu, akangoja atulie, akamwosha matope usoni. Tulipoketi kula, akamshika mkono akamleta hadi kwenye kikapu.

"Atatuambukiza sote!" Nyanya alisema.

"Basi, mama, nianze mimi," Mama akamjibu mama mkwe wake. Shangazi alipomega tonge, Mama naye akamega palepale, akala. Baadaye Nyanya naye akanyoosha mkono.

Sijui Mama, aliyeolewa tu pale, aliutoa wapi ujasiri ule. Ninamshukuru mpaka leo.

Kibuyu kile wakapewa kuku wanywee maji. Nililia sana. Nikamwona shangazi naye akilia huku anatafuna, nikadhani sote wawili tunakililia kibuyu.