Yaya Shabani na Mugeni wa Nyota

Watu wa Lusangi wanajua kama mimi sinywi pombe, na mama yangu naye alimuona yule mwanamuke kwa macho yake. Kwa hiyo usinicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa kiangazi, jua linashuka. Mwanamuke mumoja akafika kwetu kwa miguu, akitokea upande wa Kabambare. Barabara ile unaijua, hata mutu wa pikipiki anafika mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Yeye viatu vyake vilikuwa vyeupe, safi kabisa. Lakini kwetu mugeni haulizwi kitu kabla hajala. Mama akamupa bugali na sombe, majani ya muhogo.

Alipomaliza, yaya Shabani, kaka yangu mukubwa, akamuuliza kwa heshima, "Mama, kwenu ni wapi?"

Mugeni akachukua karanga kwenye sahani, akazipanga kuzunguka mbabula yetu, jiko la makaa, zingine karibu na moto, zingine mbali. "Huu moto ni jua letu. Iko sawa na jua lenu," akasema. "Hizi ni dunia zinazolizunguka. Mimi natoka kwenye hii." Halafu akaonyesha nje, nyota ndogo iliyoanza kutoka juu ya michikichi. "Ndiyo ile."

Tulicheka. Shabani alicheka kuliko sisi wote, masikini.

Kisha mugeni akaaga. Sasa sikiliza vizuri. Kwetu mugeni hasindikizwi mpaka mulangoni tu. Unatembea naye, munazungumza, mpaka yeye mwenyewe aseme, "Imetosha, rudini." Ukimuacha kabla hajasema, ni kama umemufukuza. Mama alitulea hivyo. Tukatoka naye, mimi na Shabani, tukapita kanisa, tukapita shamba la mwisho la mihogo. Yeye anazungumza tu, hasemi turudi. Nadhani kwao desturi hiyo haiko. Nani angemufundisha?

Nikamunong'oneza yaya, "Turudi." Akakataa. "Tumufanyie mugeni aibu? Wewe nenda kwa mama, nitakukuta."

Nikarudi. Nilipogeuka kuwaangalia, walikuwa wanapanda kilima, wanaongea kama watu wa nyumba moja. Kilima kile si kirefu, wallahi. Walifika juu yake na bado wanapanda, na chini ya miguu yao hapakuwa na udongo. Nikaita. Yaya akapunga mukono bila kugeuka. Ningemushika shati tu pale pale tulipoachana, angekuwa hapa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tulimutafuta mpaka Kasongo, mpaka Nyangwe kwenye mitumbwi. Wapi. Mwishowe mama akaenda kwa mwalimu wa shule. Mwalimu akasema ni kweli, wataalamu wameona nyota zinazofanana na jua letu, zina dunia zao, lakini ni mbali sana. Hata mwangaza wake unasafiri miaka na miaka kabla ya kufika hapa.

Mama akamuuliza, "Na sauti yangu?"



Tangu hapo, kila jioni mama anasimama barabarani, anasema polepole, kwa adabu, kama mugeni alivyopaswa kusema, "Shabani, imetosha, rudi."

Wewe unayenisikia, wape wageni chakula, wasindikize. Lakini mugeni asipokurudisha, geuka mwenyewe. Afadhali yeye akukasirikie kuliko mama yako kuzeeka barabarani.