Mpaka Iwake Mara Saba

Tangu karakana ya ushirika ifungwe, fundi hufanyia kazi uani kwake Majengo, na harudishi gari kwa sababu tu limewaka. Huliwasha, hulizima, huweka kiganja juu ya boneti kusubiri injini ipoe, kisha huliwasha tena, mpaka mara saba. Mwalimu Polikarp, ambaye mkewe alikuwa wa kujifungua siku yoyote, alichoka kungojea Landrova yake kuukuu.

"Fundi, si imewaka? Nipe ufunguo, bwana. Au umeamua kuioa?"

Fundi hakucheka. Mara ya sita Landrova ilinyamaza. Akaingia uvunguni, akafungua waya mnene wa betri pale unapofungwa kwenye chesisi. Chini ya rangi mpya kulikuwa na kutu. Akaikwangua kwa kisu, polepole, mpaka chuma kikang'aa.

"Ya kwangu nayo iliwaka asubuhi," alisema bila kuinua uso. "Nikamwambia mama watoto, panda twende hospitali, imepona. Tukasimama njiani kidogo apunge upepo. Haikuwaka tena. Nilimrudisha nyumbani amefunikwa khanga."

Alifunga waya, akawasha. Injini ikaitika mara moja. Mwalimu akanyoosha mkono, akaizima mwenyewe.

"Ngoja ipoe, fundi," alisema. "Tuanze kuhesabu upya."