Siku Mama Aliposhindwa Kumjua Muuaji

Siku mama aliposhindwa kumjua muuaji, nilimkumbatia nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani familia yetu ina matatizo.

Kazi yangu ni kuandika visa vya gemu. Zile za upelelezi: mtu kauawa, wewe mchezaji unazunguka nyumba nzima, unahoji watu, unapekua makabati, mwisho unamtaja aliyeua.

Mama ni fundi cherehani, na riwaya za upelelezi ndio ulevi wake. Ukimpa mpya hafiki katikati bila kumtaja muuaji. "Ni shemeji yake huyo," anasema, huku anashona. Na kweli ni shemeji.

Mnajua inavyoudhi?

Basi kazini tukaweka utaratibu. Hadithi haitoki mpaka mama aicheze. Nampa rimoti ya gemu, nakaa pembeni, kimya. Akimjua muuaji mapema, narudi kuandika upya. Bosi alimbatiza jina la Hakimu, na mtu mwingine wa kufanya majaribio hatukuwa naye.

Miaka yote hiyo nilikuwa nachapwa tu. "Mwanangu, muuaji wako kavaa kengele," ananitania.

Nilitaka nimshinde. Mara moja tu, roho yangu itulie.

Nikaandika kisa cha nyumba ya wageni. Mwenye nyumba kakutwa amekufa chumba cha kufulia. Washukiwa ni mpishi, mlinzi, na mpwa wa marehemu.

Mama alicheza mchana kutwa. Akaingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Akamhoji mpishi maswali yale yale. Nikasema moyoni, leo bibie kanasa.

Mwishowe akaweka rimoti chini.

"Haya. Umenishinda."

"Acha utani, mama."

"Kweli umenishinda. Nani kaua?"

"Mpwa."

"Ahaa," akasema. "Hongera, mwanangu."

Ndipo nikamkumbatia. Nikampigia bosi hapo hapo, naye akasema kama Hakimu kanyoosha mikono, gemu iingie sokoni.

Ikaingia. Maoni ya wachezaji yakaanza kumiminika.

"Mpwa. Nimemjua hata chai haijapoa."

"Aliyeandika hii alikuwa anasinzia?"

Mmoja alisema mwanawe wa darasa la tatu ndiye aliyemwonyesha muuaji.

Bosi akaniita. Hakufoka. Aliuliza tu, "Una hakika mama aliicheza yote?"

Nikarudi nyumbani nimefura. Nilijua tu kwamba mama kanihurumia, na mimi kuhurumiwa sitaki kabisa.

Nikamkuta kwenye cherehani. "Mama, ulimjua yule mpwa. Ukanyamaza ili nifurahi, si ndiyo?"

Akaacha kushona.

"Sikumjua," akasema. "Nilipofika jikoni sikukumbuka nani amekufa."

Nikakaa sakafuni.

"Hata riwaya sisomi tena. Nafunua kurasa ukiwepo, usije ukaniuliza. Siku ile ningekwambia nini? Nikasema umenishinda. Ukafurahi mno, nikakosa pa kuanzia."

Jamani. Mimi ninayelipwa kuficha dalili kwenye visa, dalili za mama yangu zilikuwa zimejaa nyumba nzima. Wateja walirudisha nguo zilizokosewa vipimo. Mboga ilitiwa chumvi mara mbili. Aliniita kwa jina la mama mdogo, tukacheka. Kila kitu nilisema ni uchovu.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na hauponi. Dawa zipo za kupunguza kasi yake.

Siku hizi mama anaicheza gemu ile kila mchana, nikimwelekeza vyumba. Kila siku anaingia nyumba ile kwa mara ya kwanza. Tukifika mwisho anashtuka kweli kweli.

"Kumbe mpwa. Wewe mtoto unajua kuandika."

Nasema asante, mama. Halafu naenda bafuni, nafungulia maji, nalia.

Ndugu zangu, kama una mtu aliyezoea kukushinda, siku akikuachia ushindi usikimbilie kushangilia. Kaa naye chini, umuulize taratibu anaendeleaje. Mimi swali hilo nilimuuliza mama nikiwa nimekuja kugombana naye.