Saa Moja Aliyoipata Mpakani

Alhamisi, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeshuka hadi foleni ya malori haionekani mwisho wake. Jana, kijijini Itaka, tumemzika yule bwana wa saa ishirini na tano. Wasomaji wa siku nyingi watamkumbuka, maana niliandika habari zake kwenye safu hii mwaka juzi nikawachekesha. Amefariki Jumatatu asubuhi sokoni Tunduma, ameketi juu ya magunia ya vitunguu aliyoyashusha mwenyewe. Aliomba maji. Maji yalipoletwa alikuwa ameshakwenda. Hospitali walisema presha, na mimi si daktari, kwa hiyo hilo naliweka mbele kabisa, nisije nikaonekana nimemzulia mtu kosa.

Kwa ambaye hakusoma siku ile: hapa kwetu Tunduma ukivuka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma moja. Huku ikiwa saa mbili asubuhi, kule ndiyo kwanza saa moja. Sisi tumezoea. Mtu akikupa miadi unamuuliza "saa ya wapi?" kama unavyouliza bei ya nyanya. Marehemu yeye aliigeuza kuwa kazi ya pili. Alishusha mizigo sokoni tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili kasorobo, ananawa, anavuka kwa miguu, na saa moja ya kule inamkuta mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi, akimsubiri tajiri afungue. Nilimkuta hapo nilipokwenda kununua misumari. "Shikamoo mama. Hivi wewe siku yako ina saa ngapi?" Nikamwambia kama za watu wote. "Basi umepunjwa. Mimi Mungu kaniongeza moja." Wenzake wakamzomea: "Muulize, mama, na usingizi kaongezewa?" Akacheka mpaka akaegemea mabati. Nikaandika. Nikamsifu, nikasema vijana wajifunze kwake. Kile kipande cha gazeti alikikata akakibandika ukutani dukani, karibu na mzani wa misumari.

Mwaka jana, kahawa ilipoanza kuchumwa, alinifuata nyumbani na parachichi sita kwenye mfuko. Tajiri wa sokoni alitaka amwajiri kwa mwezi, siku nzima, aache kulipwa kwa gunia. Wa dukani naye alisema akibaki kwake peke yake atamwongeza kidogo. "Mama, wewe ni mtu wa magazeti. Nilinganishie. Niache ipi?" Mimi nimeishia darasa la saba, na hilo nilipaswa kumwambia hapohapo. Badala yake nilichukua karatasi nikapiga mstari katikati, Huku na Kule. Nikaandika kima cha chini cha mshahara cha serikali hii na cha ile. Nikampigia simu karani mmoja anayetoa mizigo forodhani, nikamuuliza wastani wa mishahara. Akanionya kwamba wastani wa Zambia una wachimba shaba ndani yake, na wa kwetu una maofisa wa Dar, na mbeba mabati wa Nakonde hamjui hata mmoja wao. Nikaandika hata hivyo. Nikaandika bei ya unga pande zote, na chakula cha mchana anachopewa dukani. Nikageuza kwacha kuwa shilingi. Kule kukashinda kidogo, lakini kwacha ikishuka kunashindwa. Basi nikamwambia, na maneno haya ni yangu, sikuyasikia kwa mtu: "Usiache hata moja. Hakuna inayotosha peke yake. Ukiwa nazo mbili utasogea." Akaikunja ile karatasi, akashukuru, akaondoka mbio maana alikuwa anachelewa.

Jana, tukisubiri jeneza litolewe ndani, wanaume waliokaa pembeni mwa mibuni walikuwa wakibishana hesabu ileile.

"Kule bwana wanalipa. Sheria ya kule inamlinda mtu."

"Inamlinda nani? Mtajie tajiri wa Nakonde kima cha chini, atadhani ni aina ya bati, akuulize unataka geji ngapi."

"Afadhali yeye. Huku unalipwa kwa gunia, ukiugua hupati kitu."

"Kwani kule ukiugua?"

Nami nitende haki kwa matajiri wote wawili. Wa sokoni alitoa gari la kubeba mwili. Wa dukani alifunga duka, akaja na wafanyakazi wake, akamshika mkono mama mzazi wa marehemu akamwambia "Mwaculeni, mukwai," ndiyo pole ya Kibemba. Sijasikia kwamba kuna aliyemshikilia kazini kupita kiasi. Sheria ya huku inahesabu saa za huku, ya kule inahesabu za kule, na ukiitazama kila moja peke yake utaona imetimizwa. Aliyekosekana ni mtu wa kuzijumlisha. Mimi nilikuwa na karatasi na kalamu mkononi, na sikuzijumlisha.

Mjane alinisogezea nafasi kwenye mkeka. Nikamweleza nilichomshauri mume wake. Nilitegemea anifokee, na labda nilitaka hivyo.

"Najua, mama. Karatasi yako ipo, aliiweka ndani ya Biblia." Akampakata mtoto wake mdogo. "Ila ile saa mliyoandika gazetini kwamba kaongezewa, hakuongezewa. Asubuhi akivuka anaipata, jioni akirudi anaiacha palepale. Duka linafungwa saa kumi na mbili yao, huku ni saa moja. Mpaka afike nyumbani Chapwa watoto wamelala. Huyu mdogo alikuwa anamwita mjomba." Akacheka, akajifuta pua kwa kanga. "Ilikuwa saa yetu hiyo, mama. Ndiyo angekula na sisi."

Sijui kama angeacha kazi moja angekuwa hai. Huenda presha ingemfuata hata kwenye kazi moja. Huenda watoto wangelala njaa, na leo ningeandika majuto ya namna nyingine. Lakini najua kilichokosekana kwenye karatasi yangu. Tukilinganisha nchi na nchi tunaandika mtu analipwa nini, na tukijitahidi sana tunaandika anafanya kazi saa ngapi. Sikuandika anafika nyumbani saa ngapi, wala kama watoto wake bado wako macho. Mtu akiniletea tena swali kama lile nitaanza na hilo, ndipo nitafute bei ya unga. Na ile sifa niliyompa mwaka juzi naifuta leo, mbele yenu mlioisoma.

Jioni hii nimempigia simu mume wangu, anayeziba pancha za malori upande wa pili. "Rudi saa moja tule."

"Saa moja ya wapi?" akanitania, kama kawaida yetu.

"Ya hapa nyumbani."

Akasema sawa. Amefika saa moja na robo, ameloa, tairi moja ameliacha halijazibwa na dereva amemtukana. Tumekula ugali, maharage na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, sote, na mjukuu akiwa macho.