Sura ya Mwisho Haifundishwi

Alhamisi alasiri, wiki ya kumi na tano ya muhula, mhadhiri alifunga kitabu, akafuta ubao, akasema kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi, "Basi, tumemaliza. Ile sura ya mwisho, ya uzee, mtajisomea wenyewe nyumbani. Kwenye mtihani haitoki."

Darasa zima likashusha pumzi. Vijana wakaanza kufunga mabegi. Mwanamke mmoja tu hakufunga kitu. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, upande upande, kwa sababu viti vya chuo kile vyenye kibao cha kuandikia vilitengenezwa na mtu asiyejua kwamba binadamu huwa na nyonga. Alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Alikuwa na miaka hamsini na minne, alikuwa mlezi katika nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa amejiandikisha kwenye somo lile kwa ajili ya sura hiyo moja.

Somo lenyewe liliitwa Ukuaji wa Binadamu Kutoka Mimba Hadi Kifo. Ndivyo lilivyoandikwa kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni, kwa herufi kubwa, bila haya. Hebu fikiri: mtu anakuahidi safari ya barabara nzima, halafu anakushusha katikati na kukuambia kule mbele utajijua.

Wiki sita walikaa na mtoto mchanga. Mhadhiri alikuja na mwanasesere wa plastiki, akamlaza mezani, akamgeuza, akamkalisha, akamfundisha kushika kijiko kwa kiganja kizima na baadaye kwa vidole. Mlezi alikuwa amelea wanne wake na wawili wa dada yake, na angeweza kufundisha wiki zile sita huku anapika, lakini alinyamaza na kuandika. Zikaja wiki tatu za mtoto wa shule. Zikaja wiki nne za kubalehe, na hapo vijana walichangamka kweli kweli, kila mmoja ana kisa chake. Utu uzima ukapitiwa mbio mbio: kazi, ndoa, presha, umekwisha. Naye akawa anasubiri zamu ya watu wake.

Watu wake walikuwa wazee thelathini na mmoja, na zaidi ya wote mzee wa chumba namba saba, ambaye kila mtu alimwita Mzee Spoki. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Kwa nusu karne alikuwa fundi baiskeli, na hata baada ya mkewe kufariki na watoto kumleta pale, hakuacha kazi moja kwa moja. Kila asubuhi baada ya chai alitembea mpaka kwenye kona ya barabara, kwenye karakana iliyokuwa yake, ambayo sasa inaendeshwa na mwanafunzi wake wa zamani, mtu ambaye naye ana mvi. Hapo alikaa juu ya sanduku, akazungusha gurudumu, akapitisha kidole, na kusema ni spoki ipi imelegea. Saa sita alirudi kula.

Kusahau, alisahau. Mlezi hakuwa mtu wa kuficha hilo. Kuna siku mzee alikunywa chai na dakika kumi baadaye akauliza chai iko wapi. Kuna siku alimwita mlezi kwa jina la dada yake marehemu, na mlezi akaitikia tu, kwani ilimpunguzia nini? Na kuna ile siku moja aliyopotea. Alipotoka karakana miguu yake ilifuata njia ya zamani, ikampeleka kwenye nyumba aliyoiuza miaka mingi nyuma. Akabisha hodi, wenye nyumba wakampa maji, wakamrudisha saa kumi jioni, mzima wa afya.

Hiyo siku moja ndiyo iliyomponza. Matroni, aliyeiongoza nyumba ile kwa funguo zilizoning'inia kiunoni, aliamuru asitoke tena getini.

"Amerudi utotoni huyu," alimwambia mlezi, mzee mwenyewe amesimama hapo hapo katikati yao na kofia mkononi. "Mtoto unamwacha atembee peke yake barabarani?"

"Si mtoto, Matroni. Ni mtu mzima aliyepotea siku moja."

"Kamati ya nyumba itakaa baada ya miezi minne. Mimi nitapendekeza ahamishiwe wodi ya ndani."

Wodi ya ndani ilikuwa na vitanda sita na mlango wenye komeo upande wa nje. Mlezi hakuwahi kuona mtu akiingia mle kwa miguu yake na kutoka kwa miguu yake.

"Basi na mimi nitaongea kwenye kamati," alisema.

Matroni akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichompeleka mlezi chuoni. "Kamati haisikilizi walezi, dada yangu. Inasikiliza waliosoma ukuaji wa binadamu. Wewe umeusomea wapi?"

Miaka kumi na mmoja alikuwa akiwaogesha, akiwalisha, akiwasikiliza, akiwafumba macho wanapokata roho. Ameusomea wapi! Alikwenda chuoni siku ya pili yake, akajiandikisha, na kazini akaomba apangiwe zamu za asubuhi tu, na kila Jumanne na Alhamisi alasiri akawa anaketi na watoto wa umri wa mwanawe wa mwisho. Wakati huo wote Mzee Spoki alikuwa akivaa viatu kila asubuhi, akifunga kamba, na kwenda kukaa kwenye kiti kando ya geti mpaka saa sita. Mwezi wa pili aliacha kunyoa ndevu. Mwezi wa tatu suruali ikaanza kumvuka. Kamati ilikuwa ikae Jumatatu, na leo Alhamisi mhadhiri anasema mtajisomea.

"Dokta," mlezi akasema, akisimama. Kiti nacho kikasimama naye kidogo kabla ya kumwachia.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini tujisomee?"

"Muda, mama. Muda haukutosha."

"Mwaka jana je?"

Mhadhiri akapangusa chaki mikononi. "Mwaka jana nao ulibana."

"Na mwaka juzi?"

Vijana waliokwisha kufika mlangoni wakarudi ndani kusikiliza.

"Mama, tusilikuze jambo hili."

"Limeshakua lenyewe! Mwanasesere umempa wiki sita. Wiki sita, Dokta, na hana hata utumbo! Mimi nina watu thelathini na mmoja wanaopumua, wanaocheka, wanaogombania redio, na umewapa sifuri. Wamekukosea nini?"

Vijana wakaangua kicheko, kisha wakaona mama hacheki, wakakikatisha. Msichana aliyezoea kukaa karibu naye akamshika mkono. "Mama, yaishe, tutakusaidia kuisoma."

"Mimi kusoma najua, mwanangu. Nataka kufundishwa. Ndicho kilichoandikwa mlangoni."

Mhadhiri alingoja wanafunzi watoke wote. Kisha akakaa kwenye ukingo wa meza, pembeni ya mwanasesere, na ghafla akaonekana amechoka. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mwakani angestaafu.

"Nikwambie ukweli, mama? Nafundisha somo hili miaka kumi na tisa. Sijawahi kufika pale. Kila nikikaribia natafuta sababu ya kurudi kwa watoto." Akatazama chini. "Naiogopa ile sura."

Mtu mwenye moyo laini zaidi angemhurumia. Mlezi hakumhurumia hata chembe. Alizidi kupandwa na hasira, maana alimwona mtu mzima, mwenye shahada tatu, anayekimbia kurasa za kitabu, na kwa ajili ya mbio zake hizo darasa baada ya darasa la wauguzi, walimu na wakuu wa nyumba za wazee lilitoka chuoni likijua mtoto anaota meno lini na lisijue neno moja juu ya mtu wa miaka themanini. Bila shaka Matroni alikaa kwenye kiti kama hiki hiki, akaambiwa akajisomee.

"Wewe unaogopa karatasi, Dokta," alisema. "Wenzako wanafungiwa mlango. Niandikie barua kwamba somo nimelihudhuria lote."

Mhadhiri aliandika haraka, akatia sahihi, akampa bila kumtazama.

Ijumaa alikwenda maktaba. Kitabu alikipata kirahisi, na kabla ya kukifungua kilikwisha kumsimulia habari yake: ukingo wake ulikuwa mweusi kwa vidole vya watu mpaka kupita nusu, na huku mwisho ulikuwa mweupe pe. Sura ya uzee ilikuwa na kurasa tisa. Mtoto mchanga alikuwa na mia moja na kumi. Akasoma zote tisa, polepole, kalamu mkononi, na alipofika mwisho kalamu ilikuwa haijaandika kitu. Macho hupungua nguvu. Masikio hupungua. Kumbukumbu hudhoofika. Mifupa, usingizi, hamu ya chakula, vyote hupungua na kudhoofika, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anahesabu vyombo vilivyovunjika. Katika kurasa tisa hapakuwa na sentensi hata moja inayosema kwamba mzee anataka kitu.

Alilia pale pale, kati ya rafu mbili, na hayakuwa machozi ya huzuni. Alikuwa amepoteza alasiri thelathini akisubiri sura ambayo, laiti ingefundishwa, ingemsaidia Matroni kuliko yeye.

Jumapili mchana alikaa kwenye meza ya jikoni kwake, akaandika taarifa yake kwa maneno yake mwenyewe. Ilitosha ukurasa mmoja.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, mwenyekiti mwenye miwani na wajumbe wawili, na ilikaa kwenye chumba cha kulia baada ya meza kupanguswa. Matroni alisimama kwanza. Alikuwa na faili nene, naye alilisoma vizuri: uzito umeshuka, dawa zimeongezwa, kumbukumbu si nzuri, tarehe fulani alipotea kwa saa nne. Mlezi akatoa barua ya chuo, ikapita mkono kwa mkono, wakaitikia kwa vichwa. Halafu akasoma ukurasa wake. Ulieleza jinsi mzee anavyofunga kamba za viatu, na anavyokaa getini mpaka saa sita, na kwamba uzito ulianza kushuka wiki ile ile geti lilipofungwa.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta. "Haya umeyatoa sura ya ngapi?"

"Hayamo kitabuni, mheshimiwa. Sura ya uzee nimeisoma, ina kurasa tisa, haina kitu. Lakini naomba kuuliza. Faili hilo lina karatasi nyingi. Nionyesheni moja tu ambayo mtu amemuuliza yeye."

Mwenyekiti akafungua faili. Akapekua. Akamsogezea mjumbe wa kulia, naye akapekua, akamsogezea wa kushoto. Matroni akasema, "Lakini mtu mwenyewe si anasahau."

"Aitwe," akasema mwenyekiti.

Mzee Spoki akaingia amevaa viatu, kamba zimefungwa, kofia mkononi. Akaonyeshwa kiti. Mwenyekiti akainama mbele na kupaza sauti, neno moja moja, "Babu! Unajua! Uko! Wapi?"

"Sikio langu zima, mwanangu," mzee akasema. "Niko mbele ya watu watatu wanaotaka kunifungia. Au nimesahau?"

Mjumbe wa kushoto akakohoa kwenye kiganja.

"Siku ile ulipotea," mwenyekiti akasema, sauti imeshuka.

"Nilipotea, ndiyo. Miguu ilinipeleka kwenye nyumba niliyoijenga. Nilipoona watoto siwajui, nikajua nimekosea. Nikaomba maji, nikaomba nirudishwe. Ninyi mkipotea huwa mnafanyaje?"

Mwenyekiti akavaa tena miwani yake.

"Asubuhi nataka kwenda kwenye baiskeli," mzee akaendelea. "Saa sita nirudi nile. Anayetaka kunisindikiza, karibu, sikatai. Asiyetaka, anipishe mlangoni."

Wale watatu wakanong'onezana. Haikuchukua muda. Matroni alikuwa akitazama kitambaa cha meza, anakinyoosha pale ambapo hakikukunjamana. Mwenyekiti akafunga faili, akainua uso, akamtazama mlezi juu ya kichwa cha mzee.

"Sawa. Hatahamishwa. Mwambie kuanzia kesho anaweza kutoka, atasindikizwa kwenda na kurudi, ila kabla ya saa sita awe amesharudi."

Mlezi alikuwa ameshinda. Mwingine angesema asante, akamshika mzee mkono, wakaondoka upesi kabla watu hawajabadili mawazo. Yeye alikuwa na furaha na hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Alibaki amesimama.

"Mwambie mwenyewe, mheshimiwa," alisema. "Si huyu hapa?"

Mwenyekiti akamtazama, kisha akamtazama Matroni, ambaye hakumsaidia. Akageuza kiti chake taratibu mpaka akawa uso kwa uso na yule mzee.

"Baba," akaanza.