Chandarua cha Arubaini

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja huko Majengo. Mbele yangu alisimama mama mmoja na mke wa mwanawe, mjamzito, mikono imejaa vipele vya mbu hadi viwikoni. Binti alikuwa akitetemeka kwa homa.

"Huyu ana damu tamu," mama alimwambia muuguzi. "Twalala chumba kimoja, mimi hawaniumi. Yeye wamwandama."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Si utamu wa damu, mama. Mbu hufuata pumzi na joto la mwili, na mjamzito huwa na vyote kwa wingi. Hakupewa chandarua kliniki?"

"Alipewa. Kiko kabatini, hata hakijatolewa kwenye karatasi yake."

"Mbona?"

"Hicho ni cha arubaini, mwanangu. Akijifungua, watu wakija kumuona mtoto, wakute kitanda kizuri."

Muuguzi hakumgombeza, alimshika binti mkono, akaenda naye kumpima malaria.

Sikuweza kumlaumu yule mama. Nyumba zetu nyingi zina kabati kama lake: shuka za wageni, vikombe vya wageni, kila kizuri kinawangoja watakaokuja kutazama. Anayelala katika nyumba hizo kila siku hujifunika kilichochakaa.

Mama alinigeukia, mimi nisiyemjua. "Nikikitundika leo," aliniuliza, "kitakuwa kimewahi?"

Nilimwambia tu akitundike.